Ipi Ilie, Ipi Inyamaze

Viti mia tatu na arobaini, mahema tisa,
sufuria mbili asizoweza kuziinua mtu mmoja,
na simu moja.
Hiyo ndiyo mali yangu hapa Oli, Arua,
nyuma ya kinu cha mhogo.

Sebit, mtoto wa kaka yangu,
alinikuta nimesinzia juu ya daftari la madeni,
simu inalia kiganjani.
Shangazi, akasema, hata simu hufundishwa adabu.
Tukakalia viti vya kukodisha, vile vilivyopasuka mgongo,
tukaanza kugawa watu.

Harusi zitetemeke tu.
Harusi ina miezi, ina kamati, ina mwenyekiti wa kamati,
ina Bi Candiru wa Mvara anayeuliza saa saba usiku
kama vitambaa vya viti ni rangi ya maziwa au ya samli.
Ajibiwe asubuhi.
Maziwa hayo hayatachacha.

Wenye mahema wenzangu wa Koboko,
wanaoazima nguzo na kurudisha kamba pungufu:
mlio mfupi, mchana tu.

Onzima, aliyemzika baba yake chini ya hema langu
mvua za mwaka juzi na hajalipa hata kigingi:
huyu apewe sauti ya juu kabisa,
alie hata nikiwa msalani,
maana najua hatapiga.

Na namba ngeni? akauliza Sebit.
Akajijibu mwenyewe: saa tatu usiku, zizimwe.
Wengi ni wale wa umeshinda ng'ombe,
wale wa mama nimekosea kutuma pesa, nirudishie.
Nikakubali.
Usiku huo nililala kama gunia la unga.

Asubuhi, kwenye kioo,
namba ya ng'ambo ya mpaka, upande wa Ariwara:
saa nane na dakika kumi,
saa nane na dakika kumi na mbili,
kisha ujumbe.
*Tumepata kwingine. Asante.*

Asante ile ilinikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Sikuwa nimewaza.
Kifo hakimo katika orodha yangu ya majina.
Hakijawahi hata siku moja kunipigia
kwa namba niliyoihifadhi.
Huja kwa simu ya jirani, ya bodaboda, ya nesi wa zamu,
simu yenye chaji ya asilimia mbili
mkononi mwa mtu asiyekumbuka jina lake mwenyewe;
na maiti wa Kiislamu hasubiri adhuhuri mbili.

Sebit, njoo. Futa.

Tukaandika upya, safari hii mimi nikitamka:
mgeni akipiga mara moja, nyamaza.
Akirudia ndani ya dakika tatu, lia.
Kwa nini tatu? akauliza.
Sikujua. Nilijua hili tu:
tapeli akikosa ana namba elfu nyingine za kujaribu,
mfiwa ana hii moja.

Sasa usingizi ukanikataa kabisa.
Kanuni ni maandishi; nani ameiona ikifanya kazi?
Saa tisa nikatoka na kanga mabegani
hadi langoni kwa Dramadri, mlinzi,
ambaye kwa miaka minne sijawahi kuihifadhi namba yake,
nikaazima simu yake,
nikajipigia.

Dirishani, taa ndogo iliwaka juu ya mto wangu, ikazima.
Kimya.
Nikahesabu pumzi thelathini.
Nikajipigia tena.

Ikalia. Ikalia hata mbwa wa kinuni wakaitikia,
na mimi, niliyekuwa nimeishika ile simu nyingine,
nikaruka kama nimeitwa.

Dramadri alikuwa amesimama, kofia mkononi.
Nani? akauliza.
Hakuna, nikasema. Najaribu tu.

Alisubiri kidogo
kabla ya kuirudisha kichwani.