Mizani ya Saa Nane Usiku

Msinidai mizani kwenye mistari hii.
Mizani yenyewe ndiyo iliyolala,
ile ya kupimia malori hapa Felixstowe, lango la tatu,
nami nimeamshwa na simu ya Keith Garrod,
mlinzi asiyejua kunong'ona:
"Malori kumi na moja, Mwanahawa, na mvua."

Seva imekufa na programu yake tumboni.
Programu ya kale, inakubali toleo moja tu la kila kitu,
kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo.
Aliyeiandika alistaafu kabla sijafika nchi hii,
akaacha karatasi moja kabatini:
jina la taswira, nusu yake imeliwa na doa la chai.

Basi natafuta. Naingia rejista ya umma,
ghala lisilo na bawabu,
naandika herufi sita zilizosalia.
Matokeo elfu tatu mia nane kumi na mawili.

Dirishani nayaona makontena ya kweli,
mekundu, ya buluu, yamepangwa chini ya taa za winchi.
Kila moja lina lakiri, lina namba, lina mtu
wa kumuuliza: humu mna nini?
Haya ya kwenye kioo, nimuulize nani?
Moja limewekwa na "paka_mvivu88".
Jingine halina maelezo, hata nukta.
Yote yanajiita "ya karibuni":
hili ni la karibuni tangu mwaka ule wa theluji,
lile ni la karibuni, na mwenyewe keshaacha kazi, keshaoa, keshahama.

Mama alinionya juu ya mbuzi wa kwenye gunia.
Hakuniambia kwamba siku moja nitakuta magunia elfu tatu
na yote yanalia mee.

La kwanza lina nyota tele, limepakuliwa mara milioni mbili.
Nalifungua pembeni, kwenye kompyuta isiyo na cha kuibiwa,
nabandua tabaka kwa tabaka kama chapati ya moto,
na kwenye tabaka la saba
nakuta kijidudu kinachimba sarafu za mtu wa mbali
kwa umeme wa yeyote atakayekiamini.
Watu milioni mbili? Au mashine moja
iliyojipakulia mara milioni mbili?
Nalifunga. Nanawa mikono, kwa kweli, kwenye sinki.

Keith tena: "Kumi na tisa."

Ukurasa wa arobaini na moja. Macho yameingia mchanga.
Hapo, bila nyota hata moja,
limepakuliwa mara nne katika miaka tisa:
herufi zangu sita, pamoja na zile zilizoliwa na chai.
Maelezo ni mstari mmoja:
Kwa atakayeamshwa usiku. Usiguse saa. Pole. D. Oakes.

Simwamini. Pole si lakiri.
Nabandua matabaka yake yote kumi na mawili,
nalinganisha ile alama ndefu herufi kwa herufi,
kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele.
Ndani hamna mbuzi. Mna programu,
mna saa iliyocheleweshwa dakika saba
kwa sababu mizani ya chuma nayo huchelewa dakika saba
na hakuna aliyewahi kuirekebisha,
mna faili tupu liitwalo "chai".

Saa kumi kasorobo lori la kwanza linapanda:
vitunguu, tani kumi na nane na ushei.
Keith hasemi asante. Anasema, "Inapima."

Kabla ya kulala narudi kwenye rejista. Mara tano, sasa.
Naweka nakala yangu kando ya yake,
nakataa kuiita ya karibuni,
naipa tarehe ya leo, na chini naandika
kwa Kiingereza, kisha kwa lugha ninayootea ndoto:
Nimeifungua mwenyewe. Usiguse saa.