Miali Thelathini na Mmoja

Mheshimiwa, umeniuliza kama naitambua.
Naitambua. Nipe hicho kipande mkononi,
usinionyeshe kwa mbali kama anayemwonyesha mtoto kisu.
Mshono huu wa pindo ni wangu:
kila kona narudi nyuma mara mbili,
tabia niliyorithi kwa mama, hapa hapa Pergamino,
kabla kiwanda hakijaja, na kabla hakijaondoka.

Jina langu Nélida Urquiola.
Miaka ishirini na sita nimeshona jua.
Jua la bendera yetu lina miali thelathini na miwili,
mmoja umenyooka, mmoja umejipinda kama nyoka aliyeshtuliwa,
umenyooka, umejipinda,
hata usiku ukifumba macho bado unahesabu.

Juni ishirini, sikukuu ya bendera, baridi ya kung'ata masikio,
tulisimama langoni watu arobaini.
Mwenye kiwanda alikuwa amehamisha cherehani usiku
kwa malori mawili, kama mwizi anayejiibia mwenyewe.
Mishahara ya miezi mitano ikabaki daftarini.
Akatuachia marobota ya bendera: uzeni, mjilipe.
Nani anunue bendera, mkate wenyewe haushikiki?

Ndipo Fermín, kijana wa pasi, akawasha kiberiti.

Nimeapa, basi niseme kweli: nilimzaba kofi.
Kwa mkono huu huu. Watu waliona.
Niliumia kama mtu aliyekanyagiwa kaburi la mzazi.
Nailoni haiungui kwa heshima, Mheshimiwa;
inajikunyata, inadondoka matone meusi,
inanuka nywele.
Nikalia, wala sikujua nalilia nini,
nchi, au macho yangu niliyoyamalizia juu yake.

Mwendesha mashtaka anakipenda sana hicho kilio.
Amekiandika. Anasema mama huyu ametukanwa,
kwa hiyo taifa limetukanwa.
Ngoja kwanza. Kutukanwa, nimetukanwa.
Lakini tusi ni langu, na sijakukabidhi unibebee.

Nina kaka, Anselmo. Mwaka wa themanini na mbili
walimpeleka visiwani na viatu vinavyovuja.
Handakini, usiku wa tatu, aliipasua bendera katikati
akafunga miguu yote miwili.
Alirudi na vidole saba.
Mama alikikuta kitambaa chini ya begi, kimeganda usaha,
kipande cha jua kikiwa kisiginoni.
Akakifua. Akakianika nyuma ya nyumba, jirani asione.
Kilipokauka akasimama nacho mchana kutwa
hajui akikunje au akitupe.

Siku ile mlimshtaki nani?

Wakili mtetezi naye asichekelee mapema.
Anasema kuchoma ni kusema.
Basi Fermín alisema nini kisichosemeka kwa mdomo?
Nilimuuliza mwenyewe, shavu lake bado jekundu.
Akajibu, "Kwa mdomo tumesema miezi mitano, Nélida.
Leo ndiyo wamekuja na kamera."
Sikuwa na jibu. Sinalo hata sasa.
Ningempiga tena, nadhani,
na jioni ningempelekea supu rumande,
kama nilivyompelekea.

Jambo moja, halafu nikae.
Tazama picha ya polisi, ile ya kabla ya moto.
Hesabu. Usiharakishe.
Miali thelathini na mmoja.
Ilikuwa zamu ya mwisho, umeme ulikatika ukarudi,
nikaruka mmoja. Msimamizi hakuona.
Mlingoti haukuona. Waliopiga saluti hawakuona.
Kwa sheria yenu lile si jua la taifa,
ni kosa la mshonaji.
Ukitaka kumfunga aliyeiharibu bendera
anza na mimi.

Na mkimaliza kesi, nirudishie kipande changu.
Pindo bado zima.
Nitakifua.
Mengine nitayajua kikikauka.