Kizibo

Petroli ilikuwa yangu. Nianze hapo,
maana wengine wakisimulia huniruka.
Lita tatu na ushei, kwenye kidumu cha njano,
mabaki ya mashine ya kupulizia salfa
msimu ule mikorosho ilipougua ubwiriunga.

Nachilonga ni kijiji cha kusikia.
Ng'ambo ya Ruvuma wakipika, tunanusa;
wakioza, ngoma zao hazitulazi.
Na usiku ule walipochomwa
tulihesabu mapaa kwa macho, kimya,
kama watu wanaosubiri mizani ya ghalani.

Somoe Likapa hakuhesabu.
Mwanawe, Anafi, alikuwa amevuka Jumanne
kwenda kuvuna mpunga wa mjomba.
Kilichorudi ni shati,
na shati ndilo tulilolizika,
kwa sanda kamili, kama mtu.

Siku ya tisa wakamkuta kijana shambani kwa Mchepa,
tope hadi magotini, midomo imepasuka,
Kimakonde chake cha ng'ambo kimechanganyika Kireno.
Alisema anakimbia.
"Wote husema wanakimbia," akajibu Mchepa,
na mimi nikakimbia kweli,
nyumbani, kufuata kidumu.

Sikuwa na hasira. Hilo ndilo linalonitisha.
Nilijiona mtu wa kufaa.
Walinipisha njia; hata mwenyekiti alinipisha.

Ndipo Somoe akaja na bakuli la ming'oko.
Hakutazama kamba, hakutazama tairi.
Alinusa.
"Bakiri," akaniambia, kana kwamba kanikuta gulioni,
"hiyo petroli inavukiza. Kizibo kiko wapi?"

Nikapapasa mfuko. Hakuna.
Nikainama. Mchepa naye akainama,
akamulika kwa simu.
Mwenye panga akaliweka chini apate kupekua majani.
Sijui nieleze vipi: watu thelathini
waliokuja kuua, wanatafuta kizibo.
Na yeye amechuchumaa, anamenya ming'oko,
anamtia kijana kinywani kama mtoto anayeota meno,
na mikono yake inatetemeka, niliiona,
haikuwa mikono ya walii.
Nadhani alimchukia.
Akamlisha.

Kijana, mikono imefungwa nyuma,
ndiye aliyekiona. Akaonyesha kwa kidevu:
"Chini ya ndala yako."

Nikafunga. Kizibo kina hesi;
kukizungusha mara nne kunachukua muda,
na muda huo ulitosha mmoja kupiga miayo,
mwingine kukumbuka hakufunga mlango wa kuku.

Asubuhi polisi walimchukua.
Alikuwa nani? Sijui mpaka leo.
Nasema wazi, kwa kuwa huniuliza, gengeni na msikitini:
na wangekuja wale wenyewe, na bunduki,
mngewamenyea ming'oko?
Sina jibu. Ming'oko haizuii risasi.
Askari walioko mtoni sijawahi kuomba waondoke.
Ninachojua ni kidogo:
waliochoma ng'ambo hawakuhitaji kuvuka
ili Nachilonga iungue.
Walihitaji kidumu, na mtu wa kukibeba,
na mtu huyo walishampata
bila hata kumjua jina.

Mimi na Somoe hatujalizungumza.
Msimu huu nimempulizia mikorosho yake sita, bure,
akalalamika kwamba nimeruka mmoja.
Nikarudi nikaupulizia.
Alisimama pembeni, upindo wa kanga puani,
akingoja nimalize,
akingoja, nadhani, asikie hesi ikikwaruza
mara nne.