Barza ya Boneti Wazi

Alhamisi, baada ya isha, Wadi Kabir.
Joto limekaa juu ya lami kama mgeni asiyeaga.
Harub keshazima kompresa ila mlango hafungi,
maana wenye maoni ndio kwanza wanafika.

Sote tuna maoni. Magari ndiyo hatuna.
Mie nina Korola yenye mlango mmoja wa rangi nyingine,
Zahor anaendesha pikapu ya kampuni ya maji,
gari la Muhana ni la mkewe, na funguo anazo mkewe.
Lakini likitajwa lile jekundu la Kitaliano
tunajua uzito wake,
tunajua linafika mia kwa sekunde ngapi,
kama tujuavyo majina ya mabinamu.

Usiku huu ipo habari. Zahor kaisoma kazini:
kiwanda fulani kimesema basi,
silinda nane mwisho mwaka huu, zinakuja betri.
Kunjumon akasimama na trei ya chai ya karaki mkononi,
nasi kimya, kama tuliopigiwa simu ya msiba.

"Heri," akasema Azzan.
"Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Simba mwenda pole ndiye mla nyama.
Na debe tupu, je? Nimalizie?"

Muhana akaweka kikombe chini:
"Methali hizo walitunga watu wa miguu."

Hapo ndipo Thuwaini, aliyejifunzia udereva
kwenye lori la karafuu kule Wete,
akasafisha koo:

*Mie ni mtu wa gia, nasema wala sifichi,*
*Klachi ukiachia, moyo nao hauachi,*
*Otomatiki sikia, usiku wake hauchi,*
*Gari ukiliachia, lijiendeshe, u mchi.*

Tukapiga meza. Azzan akasema kina kizuri, hoja hamna.

Saa tano na nusu likaingia.
Lenyewe. Jekundu.
Linatoa mvuke puani, limeshuka mlima wa Amerat
na kijana ndani, kanzu nyeupe, udi na harufu ya kuungua.
Akaanza kwa Kiarabu, akatusikia, akageuza:
"Kumbe nyie wenzetu! Bibi yangu mtu wa Chake."

Hatukumjibu.
Tulikuwa kama watu walioonyeshwa bibi harusi bila kutarajia.
Muhana, aliyelitukana miaka miwili kwamba halina roho,
akavua kofia.

Rafiqul akaja, tochi mdomoni.
Rafiqul wa baiskeli isiyo na kengele,
ambaye barzani hajawahi kuulizwa kitu.
Akatia mkono hadi kiwiko,
akautoa na kibano cha mpira wa maji, kimekatika.
Akapekua kopo la biskuti,
misumari, nati, funguo za magari yaliyokwisha kufa,
akapata kibano cha pikapu.
Baisa mia mbili.

Kijana akatoa riali kumi. Rafiqul akazikunja, akatia mfukoni,
kisha akaomba aliwashe tena.
Akaweka kiganja juu ya bodi, akafumba macho.
Sisi tulisikia radi.
Yeye akasema, "Ya sita inachelewa kidogo."

Likaondoka. Tukalihesabia gia hadi mzunguko wa mbali,
ya pili, ya tatu,
milima ikairudisha sauti, ikainyamazisha.

"Mmeona?" akasema Azzan. "Betri haina mpira wa maji."
"Inayo," akasema Zahor.
"Mmelisikia?" akasema Muhana. "Hebu niambieni mmelisikia!"
Thuwaini alikuwa anatafuta kina cha kibano.

Rafiqul akapita katikati yetu, mnyororo ukilalama,
akasimamia pedali pale penye kilima kidogo,
akapotea nyuma ya duka la matairi.

Nami nikaenda kwenye Korola yangu.
Nikawasha, nikaweka kiganja juu ya dashibodi,
nikafumba macho, nikasikiliza.

Zote nne zilikuwa zinachelewa.