Kiambatisho cha Tisa

Kazi yangu ni masikio.
Naketi chini ya feni isiyozunguka, bunge la kaunti, Kisumu,
naandika kinachosemwa. Kinachoonekana si changu.
Jasho la shahidi si langu,
wala saa yake inayometa kila akifungua faili.
Kanuni ndiyo hiyo: aliyenyamaza hana mstari.

Jumanne Idara ya Maji iliitwa mbele ya Kamati ya Hesabu.
Walikuja tisa, na katoni tatu za makaratasi,
na chupa za maji ya dukani, baridi, zikitoka jasho kuliko wao.
Mkuu wa idara, Bwana Ochuodho, akashika Biblia,
akaapa kwa sauti ya mtu aliyezoea kuapa.

Hoja ya nne: kisima cha Kogweno.
Shilingi milioni sita na laki mbili, kuchimba.
Kisha kuchimba tena ("ukarabati," alisema mhasibu)
kisima kile kile, kabla hakijatimiza mwaka,
kama mtoto aliyebatizwa mara mbili kwa majina mawili.
Dizeli ya jenereta, lita elfu kumi na moja.
Mkaguzi alikwenda. Jenereta imo bado sandukuni,
kuku wa mlinzi wametagia juu yake.

Vocha ilikuwepo. Risiti, mhuri, sahihi, tarehe.
Kila kitu kilikuwepo ila maji.
Wajumbe wakatafuna vifungu hadi saa tano,
kwa mujibu wa, kwa kuzingatia, kama ilivyoidhinishwa,
maneno yenye viganja laini.
Mimi naandika. Kogweno ndiko kwao mama.
Siruhusiwi kuwa na kwetu nikiwa kwenye kiti hiki.

Ndipo Mheshimiwa Rispa Obonyo,
mwalimu mstaafu, asiyesema sana,
aliyekuwa akimenya njugu chini ya meza,
akavuta maikrofoni.
"Bwana Ochuodho, maji ya kisima hicho yana ladha gani?"

Feni haikuzunguka.
Kila aliyelelewa Kano anajua: ukichimba kwetu
maji hupanda na chumvi yake,
maharagwe hugoma kuiva, sabuni hugoma kutoa povu,
meno ya watoto hushika kahawia.
Ungeyanywa mara moja tu, ungejibu bila faili.
Akatazama kulia. Wenzake wote wakatazama katoni.
Nje, korongo akatua juu ya bati kwa kishindo cha gunia.
"Ni... maji ya kawaida, Mheshimiwa."
"Matamu?"
"Matamu. Nitaleta ushahidi kwa maandishi."

Kanuni haina nafasi ya kimya,
lakini haikatazi saa.
Nikaandika: Swali, saa tano na dakika kumi na mbili.
Jibu, saa tano na dakika kumi na sita.
Mhariri atafuta. Labda hatafuta.

Wiki tatu baadaye ushahidi ukaja,
kurasa arobaini na picha ya rangi:
tangi jeusi, mfereji unamwaga,
watoto wawili wenye ndoo, wanacheka.
Kila kiambatisho sharti kielezwe kwa ufupi
kabla hakijafungiwa kabatini.
Nikaishika picha karibu na dirisha.
Kwetu ni mpunga na miwa, na tope jeusi linalovua watu viatu,
ardhi bapa kama sinia.
Nikarudi mezani, nikapiga chapa, bila kuongeza neno:

Kiambatisho cha 9. Tangi la maji, watoto wawili, ndoo.
Nyuma yao, mteremko wa majani chai.