Usikate, Nakuunganisha

Leo umetia chumvi kwenye chai, ukainywa,
ukasema sukari ya siku hizi haikolei.
Nami nimekunywa. Nimejifunza.
Mwaka jana ningekubishia,
ningekuletea kopo nikuonyeshe maandishi,
kana kwamba kushinda hoja ndiko kukurudisha.

Daktari wa Bugando alichora ubongo nyuma ya kadi yako,
akauchora mdogo, umenywea kama mchembe
uliosahauliwa juani juu ya jabali.
"Si uchawi," alisema, akimtazama zaidi shangazi Ng'wasi,
"wala si uzee peke yake. Ni ugonjwa, una jina: Alzheima.
Dawa ya kuuponya hatuna. Msibishane naye.
Mfuateni aliko."

Basi nimekufuata, mama, hadi mwaka sabini na nne,
Posta, chumba cha nyuma,
waya zimepishana mbele yako kama vijia vya mlimani kwetu Igogo,
visikizi masikioni, mgongo wima:
"Mwanza hapa. Namba ngapi? Usikate, nakuunganisha."
Ukerewe kwa padri, nane.
Kiwanda cha pamba, mbili moja saba.
Stesheni, usiku, arobaini.
Zote unazo. Hata moja haijadondoka.
Kilichodondoka ni mimi.

Niliitwa Shija kwa kuwa nilifuata pacha.
Kulwa yuko Dar, hutuma laki moja na ushauri wa laki tatu.
Doto alikwenda na surua kabla sijazaliwa,
na ndiye unayeniita kila nikikufungua vifungo vya gauni.
"Doto, maji ya moto."
"Doto, umekua lini?"

Mwanzoni nilikuogesha nimefumba macho.
Mwana wa kiume na mama yake, beseni katikati,
nani alinifundisha? Nilipapasa kama mwizi,
nikakutia sabuni machoni, ukalia,
yakawa mekundu,
na jirani akachungulia, akayaona mekundu,
nami niliyezaliwa Usukumani nikajua
kinachonong'onwa juu ya kikongwe mwenye macho hayo.
Usiku ule nililala mlangoni.
Asubuhi nikaenda kwa balozi na kadi ya hospitali,
nikamsomea, kisha nyumba hadi nyumba nikasoma,
mchoro wa mchembe nikauonyesha.
Siku ya nne jirani alileta bakuli la dagaa, bila neno,
akakaa nawe, nami nikalala saa mbili.
Saa mbili! Hakuna aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivyo.

Siku nyingine sina huruma. Niliandike na hilo.
Jumapili uliyotoweka, nilikukuta ngazini Posta,
kanga umeivaa ndani nje, unamgombeza mng'arisha viatu
kwamba zamu imeanza na mlango bado umefungwa,
watu Ukerewe wanangoja.
Nilikuvuta mkono kwa nguvu.
Alama za vidole vyangu zilikaa siku mbili.
Wewe ulizisahau saa ileile.
Mimi ninazo.

Sasa umeme umekatika. Chini, ziwa limekuwa kiza kimoja na mawe.
Nakuchana nywele; ghafla unaninyang'anya kitana,
unakiweka sikioni.
"Mwanza hapa. Namba ngapi?"

Nageukia ukuta. Nashika mwiko, nauleta mdomoni.
Naomba nyumba ya Igogo, dada. Namtaka Shija.

Unachomeka waya nisioiona. Unasikiliza.
Unatikisa kichwa kwa adabu ya kazini.
"Ametoka huyo.
Kijana mzuri, ila hachelewi kukasirika.
Nimpe ujumbe gani akirudi?"

Mwambie chai ilikuwa tamu.
Mwambie

"Usikate," unasema, unapapasa mkeka kutafuta kalamu.
"Sema polepole. Naandika."