Kwanza Salamu

Kazi yangu ni lifti.
Mwaka wa ishirini na sita huu, hapa Gdańsk,
kwenye majengo ya Zaspa yaliyopangwa kama rafu
za duka lililokwisha bidhaa.
Kila lifti naijua kwa mkoromo wake.
Watu nawajua zaidi kwa viatu,
maana mara nyingi mimi niko magotini, grisi hadi viwikoni.

Zamani aliyeingia alisema habari za asubuhi,
aliyetoka alisema kwa heri,
hata kama safari yenyewe ni ghorofa mbili
na harufu ya kabeji ya jana.
Siku hizi huingia raba, hutoka raba.
Masikio yamezibwa, kidole gumba ndicho kinachozungumza.
Sinung'uniki. Mimi mwenyewe
humjibu binti yangu kwa herufi mbili.

Bi Bogumiła wa ghorofa ya saba hakubadilika.
Husalimu lifti nzima: mwenye mbwa, mleta piza,
mtoto aliyenuna, mimi na spana yangu.
Husalimu kama mtu anayelipa deni kabla hajadaiwa.

Ijumaa moja ya Novemba, lifti ikakwama
baina ya ghorofa ya nne na ya tano.
Ndani yumo yeye, na kikapu chake cha magurudumu,
na Ksawery wa ghorofa ya tisa,
mrefu, miaka mitatu jengoni,
hajatamka neno likamfikia mtu.

Nilifika dakika arobaini baadaye.
Nikapanda juu, nikatega sikio kwanza.
Ndivyo tulivyofunzwa: sikiliza kama kuna anayelia.
Hakuna aliyelia.
Bibi alikuwa anauliza, taratibu, kama yuko sebuleni kwake:
"Samahani, hatujajuana. Mimi Bogumiła Wrzosek. Mwenzangu?"
Kimya.
Kitu kidogo cha plastiki kikadondoka sakafuni.
"Ksawery."
"Ksawery, nina mapea."
Kisha nikasikia mtu mkubwa akitafuna pea gizani.

Nikafungua mlango, nikawamulika usoni, nikafoka:
Mmoja mmoja! Mguu wa kulia! Upesi!
Bibi hakusogea.
Alirekebisha skafu, akaikabili tochi.
"Habari za jioni, bwana."
Nikasema, mama, lifti inaning'inia.
Akasema, imening'inia tangu saa kumi na mbili,
haitashindwa kungoja neno moja.
"Kwanza salamu, halafu bisibisi."
Na yule kijana, mguu mmoja nje, mmoja ndani,
akanikodolea macho, naye anangoja jibu langu.
Nikajibu. Likatoka kwa kukwaruza,
kama bawaba ya nyumba iliyohamwa.

Niseme kuhusu breki.
Chini ya kila lifti kuna taya mbili za chuma.
Hazifanyi kitu. Mwaka mzima, miaka kumi, zimekaa tu,
na kila meneja mpya huuliza
kwa nini tunalipia ukaguzi wa chuma kivivu.
Siku kamba ikikatika, zinauma reli.
Uungwana ni vitendo, husema watu.
Huenda. Mimi najua vyuma.
Wala sisemi salamu humzuia mtu kuanguka;
nimewazika majirani waliosalimiwa kila siku.
Nasema tu, breki huwa siikagui kwa haraka.

Jumatatu nikarudi kubadilisha fyuzi.
Ksawery ameuzuia mlango wa lifti kwa kiatu,
kwa kiatu! hivyo ndivyo sensa zinavyokufa,
na kibao nilikipigilia mwenyewe, USIZUIE MLANGO,
huku Bi Bogumiła yuko kule kizingitini
anakung'uta theluji, buti la kushoto, buti la kulia,
tena la kushoto.
Nikafungua kinywa nimkaripie.
"Habari za asubuhi," akaniwahi,
kidude kimoja kingali sikioni.
Mlango ukagonga kiatu, ukarudi, ukagonga.
"Njema," nikasema. "Pole na baridi."
Nikaandika daftarini:
sensa, ghorofa ya chini, agiza nyingine.